Ubavu wa Kulia

Bibi yangu Justa halali mchana. Sijawahi kumwona amelala. Hata malaria ikimshika huketi kwenye kigoda akatetemeka hapo hapo, na ukimwambia, bibi, nenda kitandani basi, anakuuliza kama umeona amekufa. Ni mwanamke mfupi, mkavu, wa Misungwi ndani ndani, aliyelima mpunga na pamba mpaka mgongo ukagoma kunyooka. Kwa kuwa leo namsimulia yeye, sitampamba. Ni mbishi. Ukoo mzima unajua. Mdomo nimeurithi kwake, ila ubishi wake sijaufikia hata nusu.

Kule kijijini kukitokea msiba, yeye ndiye anayeitwa. Huwaosha marehemu wa kike na kuwavika, na wanaume wakishamaliza kumwandaa mtu wao, humwita aje aangalie kama wamemlaza vizuri. Ana utaratibu wake aliourithi kwa mama yake, na hata katekista akifika na kitabu chake humwacha amalize kwanza. Nimekua nikimwona anatoka na kanga zake kwapani kwenda msibani, nikachukulia kuwa ni kazi kama kazi nyingine. Mimi kazi yangu ni kusuka nywele, yeye yake ni hiyo.

Jina langu Getruda. Nina chumba na sebule hapa mjini, Igogo, na saluni ya mabati kule barabarani ambayo mvua ikinyesha tunahamisha viti. Mama alifariki nikiwa mdogo, nikalelewa na huyu bibi pamoja na babu Masalu. Babu hajawahi kuniita mjukuu. Kwetu Wasukuma, babu na mjukuu wa kike ni utani mtupu, kwa hiyo tangu nipate akili ananiita mke mdogo, bibi ananiita mke mwenzangu, na tukigombana anasema wazi kwamba nimekuja kumharibia ndoa yake. Nawapenda hawa wazee kuliko ninavyoweza kusema, ndiyo maana mambo haya yalinivuruga akili namna ile.

Mwaka jana, wakati wa mavuno ya mpunga, babu alianguka kutoka juu ya mkokoteni wa ng'ombe uliojaa magunia. Uti wa mgongo ukaumia. Kuanzia kiunoni kwenda chini hana habari tena: ukimfinya hasikii, ukimchoma hasikii. Alitibiwa, akawekewa mpira wa mkojo, akaruhusiwa kurudi nyumbani. Wakati wa kuondoka mtu mmoja akawaambia wasiutikise mgongo wake. Basi hawakuutikisa. Walimlaza chali, wakamlisha, wakamnawisha uso, wakasali naye rozari kila jioni, na hakuna aliyemgeuza, kwa sababu mgongo umeambiwa usitikiswe.

Nilipokwenda kuwaona nilipokelewa na harufu mlangoni. Bibi alidhani ni panya amefia uvunguni. Nikasema hapana, nikavuta shuka, nikamgeuza babu kidogo. Juu ya makalio, pale mfupa wa mkia unapoanzia, palikuwa na shimo. Sisemi kidonda, nasema shimo, ngumi yangu ingeingia, na pembeni nyama imekuwa nyeusi kama mkaa. Na babu wakati huo ananisimulia habari za mvua! Hajui. Hana maumivu hata chembe. Niliogopa vibaya sana. Nilitoka nje nikatapika nyuma ya choo, halafu nikampigia simu baba mdogo Nkwabi huku nalia.

Tulimleta mjini. Wakakata nyama iliyokufa, wakamsafisha, wakakaa naye wodini mpaka homa ikaisha. Daktari akatuita pembeni, mimi na baba mdogo.

"Hiki ni kidonda cha kulalia," alisema. "Mfupa unabana nyama kwa ndani, kitanda kinabana kwa nje, damu haipiti, nyama inakufa. Nyonga ya kushoto nayo imeshaanza kubadilika rangi. Mkimweka safi, akala vizuri, na mgongo wake usiguse kitanda, nyama mpya itaota. Baada ya Pasaka mrudisheni, tuzibe lile shimo kwa nyama ya pembeni yake mwenyewe. Lakini kikioza tena mpaka mfupani, sumu itaingia kwenye damu, na kwa umri wake hatutaweza kumrudisha."

"Kwa hiyo atakufa kwa sababu ya mgongo?" baba mdogo akauliza.

"Mgongo hautamuua," daktari alisema. "Kitakachomuua ni kidonda."

Nilirudi nyumbani na maneno hayo kichwani. Nikawaachia wazee chumba changu na kitanda changu kikubwa kilichosogezwa ukutani, babu akalala kitandani, bibi akatandika chini pembeni yake, mimi nikahamia kwenye kochi. Tukaanza kuisubiri Pasaka.

Sasa mtu atauliza, kwa nini mimi? Baba mdogo Nkwabi ni mtoto wake wa kumzaa, lakini mtoto wa kiume kumfunua baba yake makalio, hee, aliingia mara moja akatoka anatetemeka. Mke wake Evelina ndiyo kabisa. Yeye ni mkwe. Hata chumba alicholala baba mkwe hakanyagi, anapiga magoti nje ya mlango anasema shikamoo baba, babu anaitikia marahaba mwanangu kutoka kitandani, imeisha hiyo. Bibi macho hayaoni karibu. Nikabaki mimi, mke mdogo, ambaye kwa utani wetu hana cha kuonea haya. Babu akasema, "Unaona faida ya kuoa wawili?" Nikamwambia anyamaze nimsafishe.

Aliyenifundisha ni Sista Adoyo, muuguzi anayekaa mtaa wa juu yetu, Mjaluo wa Rorya, mrefu, sauti yake ya amri. Akitoka kazini alipitia kwetu. Alinionyesha kuchemsha maji na chumvi, kuyaacha yapoe, kukisafisha kidonda kuanzia ndani kuja nje, kujaza gozi, kile kitambaa laini cha kufungia vidonda, taratibu bila kukandamiza, kisha kufunika. Na kugeuza. Kila alipoingia ilikuwa kugeuza. Kila baada ya saa mbili asogezwe, na kwa kuwa nyuma kuna shimo na kushoto kunaharibika, kazi kubwa ni ubavu wa kulia, na kidogo kidogo kifudifudi kwa kadiri pumzi yake inavyoruhusu. Sio umsimamishe ubavu wima, alisema, la sivyo utatengeneza kidonda kingine; mwinamishe tu. Akachukua kanga ya bibi, akaikunja vizuri, akaichomeka nyuma ya mgongo wa babu ili aegemee kulia, akaweka mto katikati ya magoti.

"Mnaona alivyotulia?" alisema. "Hivi ndivyo nataka nimkute."

Bibi alikuwa amesimama mlangoni ameshika bakuli la uji. Nilidhani ameelewa.

Basi hapo ndipo lilipoanza la kuanza. Kwanza ushauri. Sijui watu wa Igogo walisomea udaktari lini! Mama mmoja mteja wangu akaniambia nipasue vidonge vya rangi mbili nimwage unga wake ndani. Mwingine akasema kidonda kisiguswe na maji kamwe, kianikwe jua. Mwingine akasema spiriti. Baba mdogo, ambaye ni fundi pikipiki, alikuja na tyubu ya gurudumu ameijaza upepo, babu akalie ile duara ili shimo lining'inie katikati bila kugusa kitu, na kwa kweli niliona ni akili kubwa. Sista Adoyo alipoiona aliitoa yeye mwenyewe akaitupa uani. "Hii inakata damu kuzunguka kidonda chote! Mnataka shimo liwe sufuria?" Baba mdogo akanuna wiki nzima. Mimi nikawa sijui nani nimsikilize. Unga hapana, jua hapana, tyubu hapana, halafu Sista huyo huyo anapaka asali. Asali! Nikamuuliza, kwa hiyo sukari ndiyo dawa sasa? Akasema hii imesafishwa, ni ya vidonda, na we Getruda kazi yako ni kugeuza, mengine niachie mimi.

Na niligeuza, Mungu ni shahidi. Asubuhi kabla ya kwenda saluni namwacha kalalia kulia, kanga nyuma, mto katikati. Narudi kumsogeza, namkuta chali. Chali kabisa, kama ubao. Kanga imekunjwa vizuri imewekwa juu ya sanduku. Namgeuza tena, naenda kumalizia kichwa cha mteja, narudi, chali.

"Babu, nani kakugeuza?"

"Mimi miguu yangu haina habari, mke mdogo. Unaniuliza mimi?"

"Bibi, nani kamgeuza?"

"Magodoro yenu ya mjini yanateleza," bibi anasema, anaendelea kuchambua dagaa.

Nikamuuliza Sista. Akasema inawezekana, miguu iliyopooza huwa inaruka yenyewe, inakakamaa na kumvuta mtu. Haya, tukaongeza mto. Chali. Baba mdogo akaja na wazo la kumfunga na kitenge kwenye kitanda, si kwa kubana, kwa kumshikilia tu. Nilimkuta chali, na kitenge kimefunguliwa fundo. Sasa miguu inajua kufungua fundo? Baba mdogo alipoona hivyo alishusha sauti akasema, Getruda, humu ndani kuna kitu, tumwite mtu aje aangalie nyumba. Nikamwambia hatumwiti mtu. Lakini nakiri nilianza kuangalia pembe za chumba.

Na kidonda, badala ya kupungua, kikarudi nyuma. Zile nyama nyekundu zilizoanza kuota chini ya shimo zikapauka, pembeni pakarudi weusi kidogo, harufu ikarudi. Kwaresma ilikuwa imeshafika katikati. Sista Adoyo alikisafisha bila kusema neno, na huyu mwanamke akinyamaza ujue ni vibaya.

"Humgeuzi," alisema mwishowe.

"Namgeuza!"

"Getruda, kidonda hakijui kusema uongo. Huyu mzee analala chali mchana kutwa."

Weee! Mori ulinipanda. Nilimwambia kama asali yake haifanyi kazi asinisingizie mimi, mimi ninayeacha wateja na nusu kichwa kimesukwa, nusu kimefumuka, nakimbia kupanda huu mlima wa mawe kwenda na kurudi mpaka magoti yanalia. Nikamwambia labda ni yeye asiyejua. Nilisema na mengine. Akakusanya vitu vyake, akaniambia kesho atakuja kama kawaida kwa sababu anayeugua ni mzee, si mimi. Akatoka. Niliketi jikoni nikalia kwa hasira, na katikati ya hasira nikaanza kujiuliza kama kweli namgeuza au naota. Nilifika huko. Mtu anayesuka mistari ishirini kichwani bila kukosea mmoja, nikawa sina uhakika na mikono yangu mwenyewe.

Bibi akanipa chai. "Pole, mke mwenzangu," alisema. "Mjaluo ana mdomo." Kwa mara ya kwanza hakuniangalia machoni, na mimi mjinga nikadhani ananionea huruma.

Siku mbili tatu baadaye mvua ilitoka ziwani mchana, ile ya ghafla, saluni ikajaa maji, tukahamisha viti, nikawaambia wateja warudi kesho. Nikapanda nyumbani nimelowa. Mvua ilikuwa inapiga bati kiasi kwamba hata ningefika na ngoma hakuna ambaye angenisikia. Nikafungua mlango wa chumbani.

Bibi alikuwa amepiga goti moja juu ya kitanda. Alikuwa ameshaichomoa ile kanga. Mikono yake yote miwili ilikuwa chini ya bega na kiuno cha babu, anamvuta taratibu, na mgongo wake ule usionyooka, anamrudisha chali huku anahema. Na alikuwa anasema naye. Nilimsikia kwa sababu mvua ilipumua kidogo.

"Pole, baba. Pole. Rudi. Rudi kwa watu walio hai."

Babu alikuwa amefumba macho, anakubali tu.

Nilisimama pale maji yananidondoka. Sikuelewa. Ukweli ni kwamba niliona kila kitu na sikuelewa hata kimoja.

"Bibi! Unafanya nini?"

Hakushtuka. Alimalizia kumlaza, akamfunika, akaanza kuikunja kanga. "Namtoa mlikomweka," alisema.

"Tulikomweka wapi?"

"Mwanamume wa kwetu akilalia kulia, na kanga nyuma ya mgongo, huyo tunamzika." Alisema bila kupandisha sauti, kama mtu anayeeleza jinsi ya kupika ugali. "Mwanamke tunamlaza kushoto, mwanamume kulia. Ndivyo alivyolazwa baba yangu. Ndivyo nilivyomlaza kaka yake Masalu. Hata siku hizi mnaleta masanduku, mtu kalazwa anaangalia juu, mimi nachukua kanga nakunja, nachomeka nyuma, aegemee kulia. Hii hii, Getruda. Namna hii hii. Halafu huyo Sista wako anaingia hapa, anachukua kanga yangu, anaikunja kama ninavyokunja mimi, anamlaza mume wangu kulia, anasema, mnaona alivyotulia? Wewe na yeye mnamlaza kaburini kila siku. Mimi namtoa."

Ningemwelewa mtu mwingine yeyote kuwa mchawi, mwizi, mwendawazimu. Bibi yangu sikumwelewa.

"Bibi, unamuua!" nilipiga kelele. "Daktari alisema kitakachomuua ni kidonda! Kila ukimlaza chali unakiponda kidonda kwa mgongo wake mwenyewe! Wewe ndiye unayemuua!"

Bibi aliacha kukunja. Kisha akainama, akavuta mfuko wake kutoka uvunguni, akaanza kuweka nguo zake ndani, moja moja. Sketi. Kitambaa cha kichwa. Rozari. Nikaona kweli anaondoka, katika mvua ile, na nikataka kumwomba msamaha na kumfukuza kwa wakati mmoja.

"Babu, sema kitu," nikasema. "Ulikuwa unajua! Kwa nini ulinyamaza?"

"Ningesema nini?" babu alisema kwa sauti ndogo. "Mmoja mke wangu, mwingine mke wangu. Na mimi naogopa, Getruda. Kila mkinigeuza nilikuwa naogopa. Yeye akija kunirudisha moyo unatulia."

Hapo ndipo nilipoishiwa kabisa. Nilikaa chini kwenye sakafu na nguo zangu mbichi.

Babu akasikiliza mvua. Kisha akaita, "Mama Nkwabi."

Mkono wa bibi ulisimama juu ya mfuko.

"Mama Nkwabi, nisikilize. Tangu nianguke naangalia bati. Bati la Misungwi, dari la hospitali, bati la Getruda. Wewe ukija kunilisha nakuona kidevu na matundu ya pua. Sura yako sijaiona sawasawa tangu mavuno."

"Sura yangu unaijua," bibi alisema bila kugeuka.

"Naijua. Nataka kuiona. Hawa wakinilaza kulia naona ukuta. Ukuta hauna kitu, mtu akikaa anauangalia lazima afikirie kaburi. Lakini hapo ukutani pana nafasi ya mtu mzima, huyu mke mdogo kitanda chake ni kikubwa. Njoo ukae hapo. Nikigeuzwa nikuone wewe."

"Mchana huu?"

"Mchana huu."

"Watu wakinikuta nimelala mchana?"

"Watasema mzee Masalu bado ana nguvu," babu alisema, na mimi, na machozi yangu yote, nikacheka.

Bibi hakucheka. Kisha akavua kandambili, akafuta miguu yake kwa kitambaa, akapanda kitandani kupitia miguuni pa babu, akatambaa mpaka ukutani, akakaa kwanza, halafu akalala. Nikainuka. Nikachukua ile kanga, nikamgeuza babu kulia, taratibu, nikaichomeka nyuma ya mgongo wake, nikaweka mto katikati ya magoti. Nilisubiri bibi anikataze.

Walikuwa wanaangaliana. Pua kwa pua, wazee hawa, kama watoto waliolazwa kitanda kimoja.

"Umezeeka," babu alimwambia.

"Na wewe unanuka," bibi akamjibu.

Kisha nikaona uso wake unabadilika. Aliuangalia mkono wake uliokuwa chini, akaangalia alivyolala. "Nimelalia kushoto," alisema.

Mimi niliona sasa imeharibika, sasa anaona makaburi mawili. Mwanamume kulia, mwanamke kushoto.

Bibi alifikiri. Unaweza kumwona akifikiri, kidevu chake huwa kinasogea. "Maisha yangu yote sijawalaza watu wawili shimo moja," alisema mwishowe.

"Hujawahi," babu akasema.

"Wala wanaotazamana."

"Wala hao."

"Basi hapa si kaburini," bibi alisema. Akavuta shuka akajifunika mpaka kifuani, na baada ya kitambo kidogo akalala usingizi mchana kweupe, mdomo wazi, na babu anamwangalia.

Kesho yake Sista Adoyo alipoingia alisimama mlangoni akashika kifua. "Bibi naye kaanguka?"

"Niko kazini," bibi alisema kutoka ukutani. "Fanya ya kwako."

Nikamweleza Sista nje, kwa aibu, nikamwomba msamaha kwa maneno yangu. Alinisikiliza mpaka mwisho. Hakucheka, hakumsema bibi. Alisema tu, "Mngeniambia mapema," kisha akasema, "Lakini nani angeniambia?" na akaingia kuchemsha maji.

Kuanzia hapo sikumkuta babu chali. Muda wa kumsogeza ukifika, bibi ndiye aliyekuwa anapiga kelele, "Mke mwenzangu, mwanamume anageuzwa au hageuzwi?" Akiwekwa kifudifudi, bibi alikaa kichwani pake. Akirudishwa kulia, bibi alipanda ukutani. Walizungumza mambo ya zamani, ng'ombe waliokufa, watu waliokopa majembe, nani alimdanganya nani kwenye mnada. Wakati mwingine waligombana mpaka Evelina akaniita kutoka nje ya mlango niwaamue. Babu alianza kula, mayai, maharage, sato wa mchuzi, maana bibi alikula naye wakiwa wamelala na mwenyewe babu aliona haya kushindwa. Shimo likaanza kuota nyama nyekundu kutoka chini, nyekundu safi ya kung'aa, harufu ikaondoka na haikurudi.

Sasa kilichomponya ni nini? Mpaka leo sijui. Sista anasema kugeuzwa. Baba mdogo Nkwabi anasema ni kwa sababu hatimaye aliniletea godoro jipya, na tusimnyang'anye sifa hiyo. Bibi anasema alimtoa kaburini. Nikiwasikiliza wote nakubaliana na wote, na kichwa kinaniuma.

Baada ya Pasaka tulimpeleka. Daktari alifungua, akaangalia muda mrefu, akapima kina kwa kijiti chake, akatabasamu. Akasema kidonda kimekuwa kizuri, nyama ni hai, watamlaza wodini na watakiziba. Akatueleza kwamba akishashonwa hatakiwi kabisa kulalia mgongo, atakaa kwa ubavu wa kulia siku nyingi, na kwa hiyo familia ijiandae. Akauliza kama tuna swali.

Baba mdogo hakuwa na swali. Mimi nilikuwa na mengi. Bibi Justa, aliyekuwa amekaa kimya kwenye kiti cha pembeni na mfuko wake magotini, ndiye aliyenyoosha mkono.

"Kitanda cha huko wodini kina upana gani?"

Daktari alimwangalia, akaniangalia mimi, hakuelewa. "Ni cha mtu mmoja, mama. Unauliza kwa ajili ya godoro?"

"Nauliza kwa ajili yangu," bibi alisema. "Mimi nalala upande wa ukutani."